Lango Alilochagua Kufuli

Wazee wetu, watumishi wa Mungu, majirani, na ninyi wachezaji wa zamani mliokuja na skafu za timu shingoni pamoja na joto hili, familia inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu, na inawaomba msikilize kwa utulivu historia ya mpendwa wetu, ambaye nyumbani tulimwita kaka, baba au shemeji, na uwanjani mlimwita Kufuli, kwa sababu mshambuliaji akifika kwake alikuta pamefungwa.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika zahanati ya kiwanda cha nguo, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa fundi mitambo wa kiwanda hicho, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alitanguliza miguu akawatoa jasho wakunga, habari ambayo wenzake wa timu walipoisikia walisema basi, ndiyo maana mpira wake wa kichwa haujawahi kwenda alikokusudia.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kuanzia Januari 1964 hadi Novemba 1970, akamaliza darasa la saba, hesabu zikiwa nzuri na mwandiko ukiwa mbaya, na kwa kuwa nafasi za sekondari zilikuwa chache alikaa nyumbani akimsaidia baba, mpaka tarehe 3 Aprili 1972 alipoajiriwa kiwandani, chumba cha kufungasha marobota ya vitambaa, ambako siku moja robota liliporomoka kutoka juu naye akalizuia kwa kifua, kocha wa timu ya kiwanda akipita mlangoni, akamwambia, "Wewe, kesho njoo uwanjani, hayo marobota watabeba wengine."

Mkataba wake wa kwanza wa kulipwa alitia saini tarehe 10 Januari 1975, akacheza beki wa kati kwa misimu kumi na mitano, mechi mia tatu na kumi na moja, zote za daraja la pili, akafunga magoli matano, mawili kati ya hayo katika lango letu wenyewe, naye aliyahesabu yote matano bila kuficha, na mwaka 1979 akavishwa kitambaa cha unahodha, ambacho mama alikifua kwa mkono kila Jumatatu na hakuruhusu kichanganywe na soksi.

Alifunga ndoa kanisani siku ya Jumamosi, tarehe 16 Agosti 1980, na mshonaji wa jezi za timu, ambaye leo ndiye mjane wetu, baada ya harusi kuahirishwa mara mbili kwa ajili ya ratiba ya ligi, na mara ya pili bibi harusi alituma ujumbe kwa kocha, "Mwambie Kufuli wako kwamba na mimi kuna timu nyingine zinanitaka," kocha akabadilisha ratiba ya mazoezi siku ileile. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, na wajukuu saba.

Ndugu waombolezaji, hapa tunafika mahali ambapo marehemu mwenyewe aliagiza pasirukwe. Baba mdogo alishauri kwamba mambo ya uwanjani yabaki uwanjani, na msibani mtu asifiwe, lakini mjane alijibu, "Alisema lisomwe, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, basi litasomwa," kwa hiyo tunalisoma.

Jumapili ya tarehe 24 Novemba 1985 ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, katika uwanja wetu wa nyumbani, na timu ilihitaji sare tu ipande daraja la kwanza, jambo ambalo haikuwahi kulipata kabla ya siku ile wala baada yake. Waliocheza pale wanajua kwamba kipa anayelinda lango la upande wa kiwanda hupigwa na jua la machoni kuanzia saa kumi na moja jioni, na ndiyo maana manahodha wetu wote, wakishinda kura ya sarafu, walianza na lango lile jua likiwa bado juu, ili kipindi cha pili wahamie lango la barabarani, jua likiwa mgongoni. Kipa wetu, akijifunga plasta vidoleni kabla ya kutoka, alimkumbusha, "Kepteni, usisahau jua," naye akamjibu akicheka, "Jua nimelijua kabla hujaota ndevu, wewe funga plasta zako."

Kaka yetu alishinda ile kura. Lakini siku hiyo baba, ambaye kwa miaka kumi aliuita mpira kazi ya watu wasio na kazi, alikuwa amekuja kwa mara ya kwanza, akakaa kwenye benchi nyuma ya lango la barabarani, amevaa koti lake la Jumapili, na marehemu alitamani kipindi cha pili timu ishambulie kuelekea kule, filimbi ya mwisho imkute mbele ya macho ya baba yake, basi akamwambia refa kwamba tunaanza na lango la barabarani. Kipa alimtazama, akavuta kofia, akaenda kusimama langoni.

Dakika ya themanini na sita, timu zote zikiwa hazijafungana, ulikuja mpira mrefu wa juu, usiotisha, kipa akainua mkono mmoja kuziba jua, na mkono uliobaki haukutosha. Tulifungwa moja bila. Katibu wa timu aliingia chumba cha kubadilishia nguo akifoka, akauliza mbele ya wote, "Kufuli, sema wewe, lile goli la nani?" na marehemu, akiwa ameinama anafungua kamba za viatu, alisema, "Mpira ulikuwa wa kudaka."

Kwa maneno hayo manne kipa aliachwa na timu kabla mwaka haujaisha, mtaa ukamwita Sabuni kwa kuwa mpira ulimteleza, watu wakawa wakipita mlangoni kwake wanauliza kama duka la sabuni limefunguliwa, na hadi mwaka huu wajukuu zake shuleni wanaitwa wajukuu wa Sabuni. Yeye hakumjibu mtu, alijifunza useremala, akafungua karakana mkabala na posta.

Marehemu alistaafu mpira Desemba 1989, akawa mtunza stoo ya vipuri kiwandani hadi tarehe 30 Juni 2011, akawa pia mzee wa kanisa, na kila mwaka alikwenda kwenye karakana ile ili aseme ukweli, akifika mlangoni anasalimia, kisha anaagiza kiti. Nyumba yake ikawa na viti na vigoda thelathini na vitatu, mkewe akawa anamuuliza, "Baba, tunafungua ukumbi?" naye anajibu, "Wageni watakuja." Wamekuja, na ninyi mlioketi safu za mbele mmevikalia.

Mwezi Julai 2023 madaktari waligundua ana saratani ya tezi dume, akatibiwa kwa mwaka mmoja na nusu, maumivu yakawa makali lakini akili haikumwacha, na Jumapili ya tarehe 26 Januari 2025 aliomba kipa aitwe wodini. Alimwambia, "Ndugu yangu, jua lile nililiona." Kipa akasema, "Najua, Kepteni, nami nilikuona ukiliona." Marehemu akamuuliza kwa nini hakusema miaka yote ile, akajibiwa, "Ningesema mimi, nani angeniamini? Nilikungoja wewe, na wewe ukija unaniletea vipimo vya kigoda." Wote wawili walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Kisha kipa akasema, "Mimi nimekusamehe siku nyingi, ila mtaa haujui."

Basi mtaa ujue. Lile goli lilikuwa la nahodha, kipa hakukosea, na marehemu anaomba radhi kwake, kwa watoto wake na kwa wajukuu zake, na familia inawasihi jina lile tuliache hapa leo. Jeneza mnaloliona amelitengeneza kipa kwa mikono yake, na hili hakuagizwa na mtu.

Kaka yetu alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliopokezana kumpikia uji, wafanyakazi wenzake wa stoo, viongozi wa timu, na kanisa lililomwombea bila kuchoka. Mungu aliyekuwepo siku ya mechi ile, na siku ile wodini, ampokee.

Pumzika kwa amani, Kufuli, umeshasema, na jua sasa liko mgongoni kwako.