Mzee wa Vibanio na Zamu Iliyokosa Mtu

Leo, tarehe thelathini Juni, msimamizi wetu wa chumba cha kufulia anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii miaka thelathini na mmoja. Nimepewa mimi kazi ya kuandika hotuba hii, mwingine aisome, kwa sababu nimepiga pasi karibu naye kuliko nyote. Shule sikukaa sana. Anayetaka kucheka sentensi zangu aje azichekee mbele yangu.

Alianza kwa kupakua shuka chafu, akahamia kwenye mashine, kisha akapewa usimamizi. Siku hizo zamu ya Jumapili ilikuwa vita. Huyu tumbo, yule msiba, na yupo mmoja wenu, ananitazama sasa hivi, aliyemzika shangazi yuleyule mara mbili. Msimamizi wa zamani alikuwa akifoka. Huyu hakufoka. Alileta vibanio vya nguo, akatugawia sawa, akavuta waya ukutani, kila mtu na sehemu yake. Ukitaka mwenzako akushikie zamu, mnapatana, unampa vibanio. Naye siku akichoka atampa mwingine. Basi.

Tulimcheka, tukamwita Mzee wa Vibanio. Lakini mwezi haukuisha, misiba ikakoma. Jumapili ikapanda bei, Jumanne asubuhi ikawa haina thamani hata ya kibanio kilichovunjika. Fundi wa mashine alizishika Jumapili zote alizozikuta, akajipatia mapumziko ya harusi yake bila kumdanganya mtu. Mzee akawa anatamba kwamba hakuna mvivu duniani, ila bei haijafika. Ukimwuliza kwa nini mlinzi anachelewa au wapishi wananuniana, jibu ni hilohilo, mpaka unatamani kumziba mdomo kwa soksi.

Kisha mjukuu wangu akalazwa wodi ya watoto. Nilitaka kukaa naye, na sikuwa na kibanio hata kimoja. Asubuhi nikakuta sehemu yangu ya waya imejaa, na hakuna aliyedai kitu. Mzee alisimama pale akijikuna kichwa, akasema bei ya namna hii yeye haijui. Halafu akaongeza vyake akidhani sioni. Nilimwona.

Sasa tuje kwenye sherehe hii. Ukumbi ulishapambwa, lakini shuka za wagonjwa hazingoji hotuba, lazima mtu abaki na mashine. Mzee akaitangaza zamu ya leo kwa kibanio kimoja. Haikuchukuliwa. Akapandisha. Jana akaweka vyote alivyonavyo, nyote mkatazama dari. Hakuna aliyekubali kukosa kumuaga. Na kwa kanuni yake mwenyewe, zamu iliyokosa mtu inamwangukia msimamizi. Akafunga aproni, akaanza kupima sabuni, eti tutamsimulia hotuba zilivyokuwa.

Mtu mzima na akili zake. Ndiyo maana tumehamishia viti huku kwenye mashine, na mkurugenzi amekalia kapu la foronya. Mashine zikinguruma, msomaji apaze sauti.

Asante, kaka, kwa kutulea bila kelele. Nenda kapumzike, mwili uwe na nguvu, nyumba yako isikose kicheko, na shemeji yangu usimuuzie zamu za kuosha vyombo. Sasa geuka uutazame waya. Sehemu yako imejaa mpaka waya umelegea. Ni vyetu vyote, na usituulize bei.