Maman Gisèle na Lungo la Maharagi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika darasa la kwanza, Maman Gisèle Namwezi anastaafu. Anasema yuko tayari. Sisi wenzake hatuko tayari hata kidogo, na mimi ninayeandika haya, mwalimu wa darasa la pili, kila mara nainuka kwenda kuchungulia dirishani kwake.

Alitoka Walungu, akaanza kazi hapa Bukavu akiwa binti mwembamba mwenye sauti kubwa. Mwili umebadilika, sauti bado iko. Sifa yake ni watoto ambao mwandiko unawashinda, wale wanaobana biki mpaka vidole vinauma na herufi zinatoroka mstari. Sisi tuliwaita wavivu. Yeye aliwawekea lungo la maharagi, wachambue kwa ncha za vidole hadi mkono upate nguvu. Biki baadaye.

Maharagi hayo nusura yamponze! Papa Évariste alimkuta bintiye Bintu akichambua saa ya masomo, akadhani mwalimu anatayarishiwa chakula cha nyumbani. Lo, alimfokea directeur, mkuu wetu wa shule, mbele ya shule nzima: “Mutoto yangu alikuja kusoma, hakukuja kupika!” Maman hakubishana. Alimvutia kiti, akamsogezea lungo. Papa akachambua kando ya binti yake, akinung'unika, mpaka kengele ikalia. Tangu hapo maharagi ya kila Jumatatu huyaleta yeye mwenyewe.

Bintu sasa anaandika jina lake juu ya mstari. Lakini akiharakishwa tu, herufi zinaanguka tena na machozi yanafuata. Septemba anapanda darasa la pili, kwangu mimi, mtu ambaye kutulia kumenishinda tangu utoto. Nikimharibu je? Naogopa kweli, na tangu Pasaka sina raha.

Juzi niliingia kwa Maman kumweleza wasiwasi huo, nikizungukazunguka kati ya madawati. Alinivutia kiti, akanisogezea lungo. Bintu akanionyesha jinsi ya kushika, polepole, punje moja moja. Nilikaa mpaka kengele.

Asante, Maman Gisèle, kwa mikono yote uliyoipa nguvu. Nenda ukapumzike, ulale hadi jua lipande, na maisha yako yawe mepesi.

Na wewe Papa Évariste, Septemba maharagi uyalete kwangu.