Medali Waliyokuja Kuichukua Mbweni

Ndugu zangu wa jumuiya, karibuni nyumbani kwetu. Mwenyekiti ameniomba nisimame niseme nilikopita, na mimi kusema sijawahi kuogopa. Ila majina ya watu sitayataja. Atakayejitambua anyamaze, kama nami ninavyomnyamazia.

Wengi mnanijua kama jirani wa hapa Segerea anayeondoka asubuhi na begi refu mgongoni. Hamjui kwamba mbele yenu amesimama mtu aliyewahi kuvaa medali ya shaba ya michezo mikubwa ya bara zima, kisha akavuliwa. Kuvaa ni kutamu. Kuvuliwa, ngoja niwaeleze.

Nimezaliwa Tandale, nyuma ya soko. Tenisi nilijifunza kwenye klabu moja ya Kinondoni, na msidhani nilikuwa mwanachama. Nilikuwa muokota mipira. Wenye klabu wakienda kunywa soda kivulini, mimi nachukua raketi iliyoachwa benchi na kupiga ukutani mpaka wanifukuze. Sikufundishwa na mtu. Nikaenda Afrika Kusini bila mjomba wala shangazi wa kunipokea, nikaosha magari, nikajisomesha, nikarudi na diploma ya ukocha wa tenisi. Na mpira wangu wa kuanzisha, muulizeni yeyote anayeujua mchezo huu hapa mjini, hauna mwenzake kuanzia Mbweni mpaka Mbagala. Msicheke, dada zangu. Ni kweli.

Nilirudi kwa mama. Mama yangu ni mtu wa Singida, mjane, muuza maharage pale Tandale. Sisi wawili tu, hatuna mwingine. Klabu ile ile iliyonifukuza benchi ikaniajiri nifundishe watoto wa wakubwa. Baadaye nikaitwa timu ya taifa, nikapangwa kucheza wawili wawili mchanganyiko, mwanamume na mwanamke. Mwenzangu alikuwa binti wa familia ya Kiislamu ya Mbweni, mdogo kwangu, mwenye miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alikuwa akiniita Kocha kwa kunitania, maana nilikuwa siachi kumfundisha hata katikati ya mechi.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna kiongozi wa msafara aliyetuhesabu. Walihesabu wakimbiaji, walihesabu mabondia. Tenisi tulikuwa wa kujaza ndege. Lakini mimi nilikaa na ratiba nikaisoma kisomi. Jozi zilizojiandikisha zilikuwa chache, na kwa kanuni za mashindano yale, wanaotolewa nusu fainali wote wanapata shaba. Hakuna mechi ya kugombea. Nikamwambia mwenzangu, "Tukishinda mechi mbili tu, tuna medali."

Akaniangalia. "Kocha, na hilo goti lako?"

Goti langu la kulia lilikuwa linavimba. Asubuhi lilikuwa kama embe. Nilikuwa nalificha kwa suruali ndefu, lakini mama humfichi. Siku moja akarudi sokoni na kopo la unga wa kahawia. Kulikuwa na mtu anazunguka sokoni na spika, anauza mizizi ya viungo na mgongo, na wapagazi wote walikuwa wanamsifia. Mama akaukoroga ule unga kwenye uji wa ulezi, akanipa, akakaa mpaka nimalize. Kila asubuhi hivyo hivyo. Uvimbe ukashuka. Goti likanyamaza kama halijawahi kuuma. Mama akafurahi, nikafurahi, na kopo likaingia kwenye begi la safari.

Tukaenda. Tukashinda ya kwanza. Ya pili tulikuwa nyuma seti moja, jua linachoma, mwenzangu ananiambia, "Braza, leo usinifundishe, cheza." Nikacheza. Pointi ya mwisho nilianzisha mimi, na yule bwana wa upande wa pili aliuona mpira pale tu ulipokuwa unagonga ukuta wa nyuma. Nusu fainali tulipigwa, tena vibaya, lakini shaba ilikuwa shingoni.

Baada ya mechi nikaitwa kupimwa mkojo. Mnasimama na mtu kwenye choo, anakuangalia. Kabla ya hapo afisa aliniuliza, "Kuna dawa yoyote umetumia?" Nikamjibu, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba hakuna. Na sikuwa namdanganya. Nyie wenyewe mnajua, kwetu dawa ni ile ya kwenye boksi, ya duka la dawa. Unga aliokukorogea mama kwenye uji, nani anauita dawa mbele ya wageni? Ule ni uji wa mama.

Tuliporudi kulikuwa na ngoma, kulikuwa na pilau Mbweni, mama alipelekwa kule amevaa kitenge kipya, akashikishwa medali ya mwenzangu kwa mkono huu na yangu kwa mkono huu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha simu ikapigwa. Afisa wa chama chetu akaniambia mkojo wangu umekutwa na kitu, akakitaja jina. Mimi nimesoma, jina lile nalijua. Ni dawa ya hospitali ya kushusha uvimbe, ya nguvu, imekatazwa wakati wa mashindano. Nikakaa kitandani. Nikafungua kopo la mama, nikaonja. Chini ya ule uchungu wa mizizi kulikuwa na uchungu mwingine, wa kidonge kilichosagwa. Nilikwenda sokoni kumtafuta mtu wa spika. Alishahama, na hakuna aliyejua jina lake.

Afisa alikuwa mtu mwema. Akaniambia, "Ukionyesha kilikotoka, adhabu inaweza kupungua. Lakini aliyekupa lazima aje aandike maelezo, na ahojiwe."

Kichwani nikamwona mama kwenye kiti cha kuhojiwa. Nikaona gazeti limeandika mama ampa mwanawe dawa. Nikamjibu, "Sijui kilikotoka."

Hapo, ndugu zangu, nilijiona mwanamume kamili. Nikapewa adhabu nzima ya kufungiwa. Medali ikafutwa, na kwa kuwa tulicheza wawili, ya mwenzangu ikafutwa pia. Alikuja mtu na gari mpaka kwao Mbweni, akaingia sebuleni, akaitoa pale ilipokuwa imetundikwa, baba wa binti akiwa amekaa anatazama. Mwenzangu alinipigia simu jioni ile.

"Kocha, niambie mie tu. Ulikula au hukula?"

"Sijui."

"Hujui ulichokula?"

Akakata.

Klabu wakaniambia nisikanyage pale. Wazazi wa watoto niliowafundisha wakipishana na mimi njiani wanaangalia simu zao. Mtu aliyefungiwa haruhusiwi kufundisha, haruhusiwi hata kufanya mazoezi na timu. Diploma yangu ikawa karatasi ukutani. Nikarudi Tandale kubeba magunia.

Mnacheka mnaponisikia najisifu. Pale nilichekwa tofauti. Jina langu sokoni likawa Mkojo. "Mkojo, shika hili la viazi!" "Oya, msimpe la kitunguu, atapimwa tena!" Nikibeba haraka, wanasema, "Ameshatumia huyo." Nikibeba taratibu, "Leo hajapata dozi." Na nilibeba vizuri kuliko wote, hilo andikeni. Lakini goti lilirudi kuvimba, na asubuhi nyingine nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda naangalia miguu yangu nisione sababu ya kuisimamisha. Kuna mawazo niliyokuwa nayo asubuhi zile ambayo sitayasema mbele ya watoto. Wakubwa mmenielewa.

Kilichonisimamisha ni kimoja tu, kwamba mama hajui. Alikuwa anaamini wazungu wamenionea. Anauza maharage yake, anakula maneno ya watu, hajui. Nilikuwa najiambia, mradi hajui, nimeshinda.

Siku ile nilikuwa napita na gunia la mchele begani, karibu na meza yake. Muuza dagaa wa meza ya pili alikuwa amechukizwa na jambo, wamegombania mteja. Akampasulia. "Mama Medali, nyie si mmezoea kudanganya? Mwanao kala dawa, nchi nzima inajua!"

Mama akasimama. Sauti yake soko zima liliisikia. "Mwanangu hajala dawa ya mtu! Tangu arudi anakula mkononi mwangu. Ugali wangu, uji wangu, na ule unga wa mizizi niliomkorogea mimi mwenyewe! Nani mwingine alimpa kitu? Mtaje!"

Muuza dagaa akauliza, tena sasa kwa sauti ya chini, "Unga gani, shoga?"

Mama alifungua mdomo amjibu. Kisha akageuka akaniona.

"Baba," akaniita, maana ndivyo anavyoniita. "Ule unga?"

"Mama, endelea na biashara."

"Nakuuliza. Ni ule unga?"

Gunia lilikuwa zito. Nikalishusha.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya simu."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alifunga kanga yake kiunoni, akayaacha maharage mezani wazi, akapita katikati ya watu wote wale, nao wakampisha. Nikadhani amekwenda nyumbani. Nyumbani hakuwepo. Nilimtafuta mpaka hospitali, mpaka polisi.

Alikuwa amekwenda Mbweni. Peke yake, na lile kopo ndani ya mfuko. Nilisimuliwa baadaye na mwenzangu. Alifika getini akakataa kuingia ndani, akakataa kiti. Akamwambia yule binti, "Mwanangu, medali yako niliichukua mimi. Sikujua, lakini ni mimi. Yeye kanificha. Nipeleke kwa hao watu nikaseme."

Binti yule alikuwa na haki ya kumfungia geti. Alichukua funguo za gari la baba yake.

Mama alihojiwa. Nilikuwepo. Waliuliza kwa ukali, kama kazi yao inavyowataka. Nani alikuuzia? Hujui jina? Uliona anautengenezea wapi? Ulimpa mwanao kitu usichokijua? Mama akajibu, "Ndiyo, nilimpa." Wakauliza tena kwa maneno mengine. "Ndiyo, nilimpa." Mimi mwenye diploma nilikaa pembeni yake nikimshikia kopo. Kopo likapelekwa kupimwa, na walichokikuta ndicho kilekile cha kwenye mkojo wangu. Adhabu yangu ikapunguzwa. Sikuitwa tena mdanganyifu, niliitwa mzembe, na mtu akishaitwa Mkojo, mzembe ni cheo.

Medali hazikurudi. Kanuni inasema kilichoingia mwilini mwako ni chako, hata kama ulinyweshwa usingizini. Yangu sijali sana. Ya mwenzangu inaniuma mpaka leo ninavyozungumza.

Sasa nacheza tena. Michezo ile inakuja mingine, na safari hii viongozi wametuhesabu. Nawaambia kitaalamu, medali ipo. Mkono wangu haujapungua, goti limetibiwa na daktari wa kweli. Nilikwenda Mbweni kumwomba mwenzangu, nikitegemea matusi. Akaniangalia sana, akasema, "Nitacheza na wewe. Lakini Kocha, maji yako utakuja nayo mwenyewe, na chupa yangu usiiguse." Nikasema sawa. Anacheka anaposema hivyo, ila chupa yake kweli huwa anaishika mkononi.

Namshukuru yeye kuliko wote. Nawashukuru nyie mliokuwa mkija hapa, tulipohamia kutoka Tandale, kukaa na mama wakati haongei, mkamenya naye viazi bila kumuuliza kitu. Namshukuru hata yule muuza dagaa, ambaye siku ile ile aliuza maharage yote ambayo mama aliyaacha mezani, akamletea fedha nyumbani, kisha akasimama mlangoni akalia kwa niaba yetu.

Somo langu ni fupi. Ulizeni mnachokula, hata kikitoka mkono unaoupenda. Hilo ni la watoto. La wakubwa ni hili: nilimficha mama kosa ambalo lilikuwa lake, nikajisifu moyoni kwamba nimembebea. Kumbe nilimwacha atukanwe sokoni bila silaha, akitetea asichokijua, mpaka akajihukumu kwa mdomo wake mwenyewe mbele za watu. Ningemwambia jioni ile, tungelia wawili chumbani, asubuhi tukaenda kwa afisa. Msiwafiche mnaowapenda mambo yao.

Na jambo la mwisho, kisha nakaa. Tangu siku ile ya sokoni mama hajanipakulia chakula. Anapika, anaweka sufuria mezani, anatoka nje mpaka nijipakulie mwenyewe. Uji hapiki tena kabisa. Sijawahi kumwambia lolote. Leo amepika kwa ajili yenu, yuko hapo nyuma ya pazia na anasikia kila ninachosema, maana sauti yangu mnaijua. Atakapoleta sahani, dada zangu nawaomba msiinuke kumsaidia. Pakuliweni nyie wote, na yangu muiache tupu hapo mezani. Mama, nina njaa. Nitasubiri.