Historia ya Marehemu Parfait Sebagabo, Fundi wa Utando Usiovuja

Ndugu waombolezaji wa hapa Nakivale, wachungaji wetu, wakwe zetu mliotoka Kabingo, na wewe Daktari Ignatius uliyepewa kiti cha mbele, mimi ni Georgette, dada mkubwa wa marehemu, familia imenituma nisome historia yake, nami nitaisoma kama nilivyoiandika, si kama nilivyoshauriwa jana.

Parfait Sebagabo alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 karibu na Uvira, Kivu Kusini, mtoto wa tatu wa mzee Anatole na mama Nyirakamana, wote marehemu. Alianza shule ya msingi mwaka 1985, akaingia sekondari mwaka 1991, akachagua fizikia, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu apate diploma vita vilipotufukuza Oktoba 1996, tukafika kambi hii ya Nakivale, Uganda, tarehe 3 Desemba, yeye akiwa na madaftari mgongoni, mimi na sufuria kichwani, nikamcheka kwamba madaftari hayapikiki.

Kuanzia mwaka 1998 alitengeneza redio sokoni Base Camp, hadi tarehe 9 Juni 2003 alipoajiriwa mjini Mbarara, katika maabara ndogo huko Kamukuzi, afagie na kutunza tanuri. Tarehe 18 Februari 2006 alimwoa Resty Kyomuhendo wa Kabingo, wakajaliwa watoto wawili, Yvette mwaka 2007 na Anatole mwaka 2010.

Mwaka huo wa 2010 maabara ilianza kupika utando wa madini ya bismuthi, chuma na oksijeni, mwembamba kuliko ule wa maziwa yaliyochemka, unaoshika mwelekeo wa umeme na wa sumaku kwa pamoja, lakini ili ufae ni lazima uzuie umeme usipite, na wa kwao ulivuja mwaka wa kwanza, ukavuja na wa pili, mpaka Daktari Ignatius, mkuu wa maabara, akatangaza mbele ya wanafunzi kwamba ni uchafu wa mikono ya mkimbizi.

Parfait alinawa mikono hadi ikachubuka, kisha akaanza kuandika kila alichokiona katika daftari la kijani, ndipo akagundua kwamba mkuu huyo, kwa ubahili wake wa gesi, alifunga koki ya oksijeni mara tu tanuri lilipozimwa, na utando, ungali moto, ukapoteza oksijeni yake, ukabaki na mapengo, na kila pengo likaacha elektroni zinazotangatanga na kupitisha umeme. Tena mkuu alikuwa akichanganya kalsiamu, ambayo huja na chaji pungufu na kuulazimisha utando uongeze mapengo ili usawazike. Tarehe 7 Agosti 2012, mkuu akiwa safarini, Parfait aliacha kalsiamu, akatia titani kidogo mahali pa chuma, kwa kuwa hiyo huja na chaji ya ziada, akaacha oksijeni ipite mpaka utando ulipopoa kabisa, na mvujo ukapungua mara elfu moja.

Aliomba kitu kimoja tu, jina lake liandikwe kwenye makala za kisayansi ambazo maabara ilichapisha kuhusu utando huo. Ya kwanza ilitoka mwaka 2013 bila jina, akaambiwa asubiri ya pili, ya pili ikatoka mwaka 2014, akaambiwa asiye na diploma hawezi kuwa mwandishi, na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, ikashukuriwa "huduma ya fundi". Alikunja ukurasa ule akawa anatembea nao mfukoni, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwambia aache utoto, ashukuru ana kazi.

Alianza kuugua mapafu Januari 2015, akalazwa Mbarara tarehe 2 Mei, na Jumamosi tarehe 23 Mei, muuguzi alipofunga mtungi wa oksijeni wa mgonjwa wa kitanda cha jirani aliyepata nafuu, Parfait alinishika mkono akasema, "Musifunge gazi, ile kitu ingali moto," muuguzi akampima homa, mimi nikajua yuko kwenye tanuri lake, na saa nne asubuhi akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochimba kaburi katika ardhi hii ngumu, na wafanyakazi wenzake, Bob na Mackline, waliotuletea unga. Daktari Ignatius tunamshukuru kwa namna ya pekee, kwani juma hili alifika kwa mjane mara tatu, na mara zote tatu aliulizia daftari la kijani kabla ya kutoa pole, maana makala zilitaja titani, lakini moto, dakika na vipimo alivijua mwenye mikono, na nasikia utando umeanza kuvuja tena.

Resty aliomba daftari libaki kwa watoto, nikamkatalia, naye hasemi nami mpaka sasa; nilimkatalia kwa sababu najua siku ya njaa angeliuza, na najua angemuuzia nani. Liko kifuani pa marehemu, chini ya mikono ile iliyoitwa michafu, jina lake likiwa kwenye jalada, na sanduku tumelipigilia misumari asubuhi hii. Majembe haya hapa, Daktari, anayelitaka na achimbe. Nawe Parfait, mdogo wangu, lala kwa amani.