Mteja wa Saa Kumi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo namkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu hamkumjua kwa sura. Lakini maneno yake mmeyasoma kwenye mabango, mmeyasikia hapa hapa redioni, na huenda kuna sabuni mliyonunua kwa sababu yake. Alikuwa mkurugenzi wa masoko na mawasiliano katika kampuni ya matangazo. Alifariki Jumanne iliyopita, baada ya kuugua kwa miezi mitano. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Sisi tuliofanya kazi chini yake tulimwita Mama Futa.

Nasema sisi, maana nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa mwandishi wake wa matangazo kwa miaka mitatu. Kwa hiyo leo msitegemee nisome karatasi tu.

Jina hilo alilipata kwa haki. Ukimpelekea tangazo alilisoma kalamu nyekundu ikiwa mkononi, na neno lisilo la kweli halikuvuka meza yake. Siku moja niliandika kwamba sabuni fulani inaondoa madoa yote. Hakunigombeza. Aliomba shati la dereva wa ofisi, lenye doa la grisi kifuani, akakunja mikono ya blauzi yake na kulifua kwenye sinki la jikoni, sisi tumesimama mlangoni. Akaja nalo mezani kwangu linadondosha maji.

"Doa hili hapa linakutazama," akasema. "Futa hiyo 'yote'."

Mwenye sabuni alinuna wiki nzima. Tangazo likatoka bila neno lile, na watu wakanunua sabuni kama kawaida. Aliyeumia ni dereva, aliyeendesha gari mchana kutwa amevaa vesti.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mwanamke huyo huyo alikuwa na uongo wake mmoja. Na uongo huo ulikuwa ukutani, kila mtu anausoma.

Ofisini kulikuwa na ubao mweupe wa ratiba. Kila mtu aliandika atakuwa wapi na saa ngapi. Kwenye mstari wake kulikuwa na maneno yasiyobadilika: saa kumi, mteja wa nje. Saa kumi alasiri. Kila siku ya kazi. Kwa miaka minne. Ikifika saa kumi kasorobo alivua viatu vya visigino, akavaa raba, akachukua mkoba na kutoka mbio. Hatukuwahi kujiuliza ni mteja gani huyo anayehitaji raba.

Tulijua ana binti, kama unavyojua kwamba mtu ana figo. Hakuwahi kumtaja. Hapakuwa na picha mezani. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, wiki mbili hayupo, siku tatu yupo. Tukadhani mtoto analelewa na watu, basi.

Mwanangu wa kwanza alipofika miezi mitano, nilimwendea. Nilikuwa nanyonyesha. Maziwa yalinilowesha nguo katikati ya vikao, na yaya wangu alikuwa ametangaza kwamba saa kumi na nusu anaondoka, niwepo nisiwepo. Nikaomba niwe natoka saa kumi, na asubuhi nifike mapema kufidia.

Akautazama ubao. Kisha akaniambia, "Saa kumi mimi mwenyewe niko kwa mteja. Tukitoka wote, nani atabaki na kazi?"

Nikajiambia, kumbe hivi ndivyo mwanamke anavyofika juu. Hana mtoto anayelia, hana nyumba inayomsubiri, ana wateja tu. Mimi kifua hicho sina. Wiki iliyofuata nikaandika barua ya kuacha kazi. Naomba mnielewe, niliipenda kazi ile kuliko ninavyoweza kueleza. Nililia ndani ya lifti nikiwa na sanduku langu, na watu wakajifanya wanasoma namba za ghorofa.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mchoraji wetu wa matangazo, aliyekuwapo.

Miezi miwili baada ya mimi kuondoka, alikuja mkurugenzi mkuu mpya. Akasoma ubao. Akashangaa, huyu mteja wa nje anayetembelewa kila siku ni nani, na mbona hajatupa hata tangazo moja? Akaona ni mtu mkubwa anayebembelezwa kimya kimya. Basi akaagiza timu iandae maonyesho ya kumkaribisha. Vijana wakachora mabango matatu, wakaandika kauli mbiu, wakapanga glasi. Mama Futa akaambiwa, kesho saa kumi usiende kwake, mlete.

Angeweza kusema mteja anaumwa. Angeweza kusema amesafiri. Kazi yake ilikuwa maneno, yasingemshinda.

Kesho yake aliingia chumba cha mikutano akiwa amemshika mkono msichana wa miaka minane, mwenye sare ya shule, soksi moja juu na nyingine chini. Akamvutia kiti.

"Huyu ndiye mteja wa nje," akasema. "Ni binti yangu. Kila siku saa kumi namchukua shuleni, nampeleka kwa mdogo wangu, halafu narudi kazini."

Mtoto akatazama glasi zile zote, akauliza kama kuna juisi.

Mkurugenzi mkuu hakucheka. "Kwa hiyo miaka minne unatudanganya."

"Ndiyo, nimewadanganya. Na kazi yangu haijachelewa hata siku moja. Pimeni vyote viwili."

Alipewa barua ya onyo. Akaipokea, akaenda ubaoni, akafuta, akaandika: saa kumi, namchukua mtoto. Halafu akamkabidhi mchoraji kalamu. Mchoraji akasita, mwishowe akaandika: Alhamisi, nampeleka mama kliniki. Ubao ukajaa. Wanawake wawili waliokuwa wajawazito mwaka ule hawakuondoka. Mmoja wao ndiye anayekalia kiti chake leo.

Kwa nini alificha? Mdogo wake ameniambia hivi: "Siku ya usaili waliuliza mtoto ataachwa na nani. Dada akajibu, hilo halitawasumbua. Jibu lile likamfunga. Alipima kila neno la wenzake, la kwake akaliogopa."

Binti yake ni mwanafunzi wa chuo sasa. Yeye amecheka kwenye simu, kisha akalia. "Mama aliniambia mimi ndiye mteja wake mkorofi kuliko wote, na hanifukuzi."

Jumamosi baada ya kikao kile, Mama Futa alikuja nyumbani kwangu. Alinikuta nakunja nepi. Alikaa pembeni ya kitanda, akaanza kukunja na yeye, vibaya sana.

"Ulipokuja kwangu, mimi nilikuwa nawahi kwa mtoto," akasema. "Nikakunyima wewe uliyeomba wazi. Nisamehe." Kisha akaniuliza, "Ningekuambia ukweli siku ile, ungebaki?"

Nilikuwa bado na hasira. Nikamjibu, "Sijui."

Akatikisa kichwa, akaendelea kukunja. Tukawa marafiki kwa miaka kumi na mbili. Hakuniuliza tena.

Kwa binti yake, kwa mumewe, kwa mdogo wake, na kwa wote wa ofisi ile, kituo hiki kinawapa pole. Poleni sana. Na wewe unayeongoza watu, hasa mama unayeongoza, jiulize jioni ya leo: walio chini yako wanajua unaishije? Kuna anayekutazama sasa hivi, anaamua kama ataweza.

Mimi niliulizwa swali moja na mtu aliyestahili jibu la kweli, nikamnyima. Nilimwambia sijui. Nilikuwa najua, Mama. Ningebaki.