Aliyepindwa Pembeni

Mwalimu Gladwell alijifanya anasahihisha madaftari, lakini masikio yake yote yalikuwa kwa wawili waliokaa mbele yake katika basi la Kiirua. Kijana mwenye kamera alikuwa akisifia lenzi yake ya jicho la samaki, yenye kioo kilichovimba. "Unasimama karibu kabisa, na boma lote linaingia!"

Mama wa kando yake, ambaye hakuwa ametulia tangu Meru, akamsukumia simu. "Hii ya harusi ya binti yangu Kinya ilipigwa na kitu kama hicho. Ona mamangu hapo mwisho, amepindwa kama ndizi. Alituacha Aprili, na picha yake ni hii tu. Ninyooshee."

"Naweza, mama. Lakini nikinyoosha, pembeni kunakatika. Nusu ya uso itaenda."

"Si ukate hawa wa katikati!"

"Wa katikati huwa hawaguswi."

Hata kwa picha, akawaza Gladwell.

"Basi acha," mama akasema. Kisha, "Hapana, ngoja."

Basi likasimama Kiirua, abiria wakaanza kushuka. Mama hakuinuka. Alikuwa amelaza kichwa kwenye bega lake mwenyewe, simu mkononi, akijaribu kumwona mamake wima.