Kikombe Kabla ya Ushauri

Ilikuwa Jumamosi, tarehe tisa Machi, saa tatu asubuhi. Tangu msiba wa mdogo wangu, nilikuwa nakaa kijiweni kwa Mama Kahawa, nikisikiliza zaidi kuliko kusema. Asubuhi hiyo akaja Fundi, mshonaji wa jirani, aliyekuwa amefunga kibanda chake kwa muda mrefu. Akaketi, macho mekundu. Akasema usingizi umemkimbia. Wenzangu wakamrukia.

— Hiyo ni minara ya simu, alisema Redio, mzee asiyezimika. Mawimbi yanakupita kichwani.

— Mawimbi gani? alisema Kinyozi. Ni nywele! Zimefungia joto la ubongo. Njoo nikunyoe bure.

— Ukimnyoa ndiyo umeyafungulia mawimbi mlango! Fundi, lala miguu juu ya mto, yatokee masikioni.

Fundi akasimama aondoke. Mama Kahawa akagonga birika kwa kijiko.

Zahanati yetu haina daktari wa afya ya akili. Aliye karibu ni safari ya siku nzima. Kwa hiyo muuguzi aliwafundisha watu wachache wa mtaani, Mama Kahawa akiwemo, namna ya kumuuliza mtu na kumsikiliza. Mama akajiwekea sheria yake: mtu hapewi ushauri kabla hajamaliza kikombe.

— Kaa, mwanangu. Nyinyi wawili, midomo kwenye vikombe! Haya, usiku unakuwaje?

— Natafuta sababu ya kuamka kesho, mama. Jana sikuipata.

Redio akafungua mdomo. Kinyozi akamkanyaga mguu.

— Unafikiria kujiua? aliuliza Mama Kahawa.

Nilishika benchi. Mdogo wangu hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

— Ndiyo, mama.

— Ahsante kwa kuniambia. Muuguzi yupo leo. Twende?

Fundi akamaliza kahawa yake polepole.

— Peke yangu siwezi.

— Peke yako? alisema Redio. Nimenyamaza hivi, nikibaki si nitapasuka!

Tukaenda kijiwe kizima, Mama Kahawa na birika lake mkononi. Muuguzi alimpokea, akampa dawa, akampangia kurudi kila wiki. Na kila wiki mmoja wetu alimsindikiza.

Sasa kibanda kiko wazi. Suruali ya Redio imeshonwa fupi, yeye na Fundi wanagombana mpaka mtaa wa pili unasikia. Namshukuru Mungu kwa ugomvi huo.

Ee Mola, mrehemu mdogo wangu. Mpe utulivu alioukosa huku kwetu, umlaze mahali pema. Amina.